Amplifaya ya Kinanda

Jumamosi, Njombe

Nimeichukua! Ile amplifaya ndogo ya kinanda, siyo ile kubwa ya gitaa niliyoiota mwezi mzima.

Muuzaji kule Makambako alinishangaa. "Kaka, chukua hii kubwa, inatikisa mabati. Hiyo ndogo haina fujo."

Nikamwambia fujo ndiyo ninayoikimbia. Jazi haitaki gitaa linalokwaruza. Kwenye ile ndogo nilibana nyuzi nne nikazipiga pamoja: sauti ikatoka nene, laini, na kila uzi ukasikika wenyewe.

Kwenye basi la Kosta niliipakata, nikaifunika koti langu, baridi ikanipiga mimi.

Hofu yangu ni moja. Redio ya zamani niliyokuwa nachomekea gitaa ilikoroma mpaka makosa yangu yakajificha humo humo. Hii haifichi kitu. Sasa ikijulikana kwamba miaka yote hii mimi... Basi, nisimalizie.

Jioni nimeijaribu sebuleni. Siku zote Mama akiwa jikoni hupaza sauti kwa neno moja tu: "Punguza!" Leo alinyamaza karibu wimbo mzima. Halafu akasema, "Hapo umekosea, baba. Rudia."

Nimerudia mara nne, huku nacheka peke yangu.