Mbwa ya Marehemu Babu Yako

Siku ya posho, Jumamosi, kisha salongo ya kusafisha mutaa

Andika tu, Zaina mujukuu wangu, mugongo unaniuma. Ile mbwa ya marehemu babu yako inakonda. Yeye alikatazaka: mbwa ya kuwinda isionje nyama kwa nyumba, itakuwa muvivu. Basi miaka yote ninaipa fufu tupu. Paka njo imenona, sababu inaiba vichwa vya samaki.

Leo jirani anayetumika kwa dispansere aliona sahani ya mbwa, akanicheka: "Mama muzee, weye unakulaka fufu bila mboga?"

Nikachemusha vichwa vya samaki na majani ya lengalenga, nikachanganya na fufu. Mbwa ikanusa, ikarudi nyuma, ikaangalia mulango wa chumba cha babu yako. Nilichoka kusimama na sahani. Nikaiambia, "Kula. Mwenye kukataza hayuko tena."

Ikakula yote. Mimi njo nilishindwa kula.