Blanketi la Nyumba Isiyoshika Wavulana

Mama,

Sijui kama hasira inafika huko uliko, lakini leo ninayo na sina pa kuipeleka. Tangu tukuzike hapa Bwera mambo ya nyumba hii yamenishinda.

Mjukuu wako yuko hai. Nilimzaa baada ya matanga, mvulana, na mama mdogo akamfunika lile blanketi ulilovuka nalo mpakani ukitoka Butembo, lile la sandukuni, lenye vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Kesho yake macho yakawa manjano, halafu ngozi yote, akaacha kunyonya. Nilijua ninachokitazama. Kaka zetu wawili walikwenda hivyo hivyo, na mwanangu wa kwanza. Wewe ulikuwa ukisema, “Nyumba yetu haishikaka batoto banaume,” huku unaendelea kumenya mihogo, nami nilichukia ulivyolizoea neno hilo.

Tukamkimbiza hospitali ya Kilembe. Wakamtoa damu kidogo kidogo wakimtia ya mtu mwingine, akapona. Daktari alinusa blanketi, akauliza, “Hii mnaweka dawa gani?” Akaeleza kwamba damu ya wavulana wetu ina upungufu wanaourithi kwa mama, na harufu ya vidonge vile inaivunja. Kwa mtoto wa jirani si neno.

Nilidhani yamekwisha. Wapi! Mama mdogo anasema, “Ule munganga anatukana mufu. Blanketi ya dada yangu itaua mutoto namna gani?” Amelifungia kwake, analiweka kwa ajili ya mdogo wangu Kavira, ambaye siku zake za kujifungua zimekaribia. Kavira mwenyewe analitaka, eti bila hilo mtoto atakuwa hajapokelewa na wewe. Nimeeleza hadi koo limekauka. Nimeambiwa namwonea wivu.

Unaniudhi, mama. Neno lako moja lingemaliza ubishi huu, na wewe ndiwe usiyesema. Nakukumbuka ukipanga vidonge kwenye kila mkunjo wa blanketi ili wajukuu walikute zima. Ulikuwa unatutunza. Hilo linaniuma kuliko yote.

Basi nimeamua. Kesho nitakwenda kwa mama mdogo, nitakaa chini na kusema nimekuota. Ulikuwa unatetemeka kwa baridi, unalidai blanketi lako, lizikwe hapo ulipo. Daktari hawakumsikia. Wewe watakusikia.

Sijakuota hata mara moja.

Pumzika, mama. Uongo huu ni wangu, wewe haumo. Kavira akijifungua nitampokea mtoto mimi, kwa kitenge kipya kisichonukia chochote, na nitamwambia umemsalimu.

Mwanao,
Masika