Uliposikia Nikigonga Jiwe

Rafiki yangu Hamisi,

Jana nilirudi Bangwe, kwenye mwamba wetu wa ziwani, mara ya kwanza tangu tukuzike. Akina mama wamehama, sasa wanafulia mbali. Wanasema pale kuna mtu anagonga chini ya maji. Niliwacheka. Kisha nikazama, nikasikia: ko, ko. Mara mbili, kama nilivyokuwa nikikugongea wewe. Nikapanda mbio. Juu ya mwamba hapakuwa na mtu.

Unakumbuka kazi yetu. Wewe unazama kwa pumzi yako tu, na wavu wako mdogo, kutafuta samaki wa mapambo. Mimi nimekaa juu, jiwe mkononi, macho kwenye maji. Swila wa majini, nyoka yule mwenye sumu kali, naye anawinda kwenye mawe yale yale. Tabia zake ulinifundisha wewe. Anashuka kimya, anapitisha kichwa tundu kwa tundu akiwasaka samaki waliojificha, na anaweza kukaa chini hata wewe umepanda kuvuta pumzi mara tano. Lakini lazima apande. "Ukiona kichwa chake, gonga. Nisiposikia, siingizi mkono." Ulikuwa mbishi kwa kila kitu, ila kwa hilo hapana.

Siku ile alishuka mbele ya macho yangu. Nikangoja. Kichwa kikaibuka karibu na mtumbwi tulioufunga mwambani, kikatulia, kikanitazama. Nikagonga.

Ukapanda umeshika kiganja chenye alama za meno, unaniuliza, "Si umegonga?"

Nilipokuwa nakukokota kwenye changarawe niliwaona swila wakiogelea sambamba kurudi kwenye mawe yale, taratibu, kama watu waendao kwao. Wawili, Hamisi. Sikuwahi kuwaza kwamba wako wawili. Hospitali hatukuiwahi.

Mama yako anaamini hukungoja ishara. Aliposema hivyo msibani nilinyamaza, na mpaka leo nimenyamaza. Kila Ijumaa ananiita nile kwake. Ananipakulia mgebuka, kipande cha mkiani ulichokuwa ukikipenda, halafu anaigeukia picha yako: "Ungemsikiliza mwenzio, mwanangu." Naona aibu mpaka nashindwa kumwangalia usoni.

Leo ni Ijumaa. Nitafika kabla hajapakua. Nakuahidi nitamwambia yote: kwamba ulingoja, ukasikia, ukaniamini. Akinifukuza, nitaondoka.

Pumzika, ndugu yangu. Hukukosea wewe.