Chupa za Bluu Juu ya Bati la Jiko

Jumatatu, 9 Septemba

Chupa kumi na mbili juu ya bati la jiko kabla ya saa mbili. Kila moja ina maji ya kusuuzia vitenge ninavyotia rangi, bluu, na kijiko kidogo cha ule unga mweupe alionipa mwalimu wa sayansi wa sekondari. Anauita titani, eti juani unakula rangi. Natikisa, nalaza chupa, narudi kwenye beseni. Kila saa natikisa tena. Majirani wanacheka eti mama wa rangi siku hizi anapika maji kwa jua. Wacheke. Hapa Kashikishi wauza samaki wote wamechoka kuona mfereji wangu unaingia ziwani na rangi. Wakinishtaki barazani, kazi yangu imekwisha.

Saa tisa rangi haipo! Unga umetua chini, maji meupe pe. Nilirukaruka peke yangu kama mwehu. Chupa nimeziacha hukohuko. Kesho nitachuja niuhifadhi unga.

Jumanne, 10 Septemba

Chupa kumi na moja. Nimezihesabu mara tatu.

Ya kumi na mbili nimeikuta kando ya kiti cha baba mkwe. Tupu. Unga kidogo umeganda chini.

Ujinga ni wangu. Wakati wa kipindupindu watu wa afya walitufundisha sisi wote: maji kwenye chupa angavu, kutwa juu ya bati, jua linaua vijidudu, kunywa. Mzee hajawahi kuliacha somo hilo. Ameona bati, ameona chupa, ameona maji meupe. Angewaza nini kingine?

Nilikimbia kwa mwalimu. Akakunja uso. Jua na unga vinaua rangi, haviui soda kali. Ile ya kutengenezea sabuni, ninayoitia kwenye beseni ili rangi ishike. Maji ya kusuuzia yanabaki nayo. Kiasi gani? Hajui. Amesema mzee aende kliniki leo leo.

Leo leo. Nani amwambie? Mume wangu yuko Kilwa, ng'ambo ya ziwa, ananunua samaki, simu haipatikani. Na mimi kwa baba mkwe ni kupiga magoti, kuweka sahani, kurudi kinyumenyume. Miaka sita sijamtazama usoni. Nimuulize habari za tumbo lake? Nimuulize kama ametapika? Kwetu hilo ni tusi.

Jioni nilipiga magoti, nikaweka sahani, nikatoka bila kuuliza. Bukari, ugali wake, imerudi haijaguswa.

Jumatano, 11 Septemba

Uji vijiko viwili tu, mzee akashika koo. Mate yanamtoka. Mimi mwoga. Ningesema jana. Mtu anakufa kwa ajili ya adabu zangu.

Saa nne niliingia chumbani kwake. Sijawahi kukanyaga humo. Nikayasema yote nikitazama ukuta. Chupa, rangi, soda. Sauti ilitoka kubwa mno, nadhani hata wanaoanika samaki walisikia. Alivaa koti lake, tukatoka.

Kliniki: mdomo na koo vimeungua. Wamekataza kabisa kumtapisha. Wamemlaza. Nimekaa nje kwenye saruji. Akifa, nitarudi kwetu Pweto na uso gani?

Ijumaa, 13 Septemba

Daktari anasema tumbo halijatoboka. Nililia palepale koridoni, muuguzi akanisogezea kiti.

Mume wangu amefika, ananuka samaki na petroli ya mashine ya boti. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Chupa zote nimezishusha na kuzifungia. Bado naogopa, maana wamesema koo linaweza kukaza baadaye, hata baada ya wiki kadhaa. Kila akikohoa nasimama kumchungulia.

Jumapili, 15 Septemba

Amerudi nyumbani. Wengine wako kanisani.

Nilimpelekea uji mwepesi, nikapiga magoti, nikaanza kurudi kinyumenyume. Akanionyesha kigoda. Nikae. Hajawahi kuniambia nikae.

Sauti yake imebaki mkwaruzo.

"Mutoto, ile mayi iliniunguza tangu nilipoanza kunywa."

Nikamuuliza kwa nini basi aliyamaliza. Nilimuuliza hivyohivyo, nikimtazama. Ana macho ya mume wangu. Miaka sita sikujua.

"Niliwaza ni weye ulinitengenezea. Nitakuambia namna gani, mukwe wangu, kama mayi yako ni mubaya?"

Nilimsogezea uji. Alikunywa uji polepole, kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko nilikisikiliza kikishuka. Ulipopoa kabla hajamaliza, nikauchukua kwenda kuupasha moto.