Mbwa Mwenye Kifafa na Mkono Wako

Usambara, kwenye shamba la kahawa

Kwa mdogo wangu Tupokigwe, Ikombe.

Ugonile, mdogo wangu. Umeamkaje, na kifua cha mama kinaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Mwalimu wa misheni anayekusomea barua hii namwomba akusomee ukiwa peke yako, na asiruke neno.

Nilipoondoka niliwaambia nakwenda kulima kahawa. Tangu masika kazi yangu ni kulea mbwa. Ndiyo, mbwa. Ni wa mke wa bwana shamba, mdogo, mwenye miguu mifupi, anaitwa Waldi. Ana kifafa.

Mara ya kwanza alianguka barazani mbele yangu. Akakakamaa, miguu ikapigapiga sakafu, povu likamtoka. Nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mshike kichwa, ataumia!" bibi akapiga kelele.

"Bibi, kwetu povu hilo haliguswi. Anayeligusa naye huanguka."

Bibi alipiga magoti, akamfuta kwa kitambaa chake cha shingoni, kisha akaninyooshea kitambaa hicho. Nikafuta, kwa kuwa niliogopa kufukuzwa.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Akianguka namlaza ubavu, naondoa viti, nasubiri. Akizinduka hanijui, anajigonga milangoni, amejikojolea. Namwosha kwa maji ya uvuguvugu, namlambisha uji wa maziwa kidoleni, na dawa ya daktari asubuhi na jioni. Sasa ni mwezi wa pili hajaanguka. Jana alinifuata hadi mtoni, akifukuza panzi. Nami, Tupokigwe, nimelifuta povu lile mara nyingi, na sijaanguka hata mara moja.

Hilo ndilo linalonitia aibu hata nikashika kalamu.

Siku ile ya kuchoma vyungu, mama na wenzake walipokwenda kukata nyasi, wewe uliachwa uangalie moto. Niliwaambia nilikuwa ziwani. Sikuwa ziwani. Nilikuwa nashona wavu nyuma ya mitumbwi, hatua kumi tu kutoka kwako. Nilikuona ukianguka. Niliuona mkono wako ukiingia motoni. Nikaliona povu, nikasimama pale pale, mpaka mama mkubwa akaja mbio akakuvuta. Ndipo nikasukuma mtumbwi majini, nikarudi jioni, nikauliza, "Kuna nini?" Nawe, mkono umefungwa majani ya mgomba, ukaniambia, "Usilie, kaka. Ungekuwapo ungenitoa."

Neno hilo sijapata kulijibu. Vidole vyako vilikunjika, ukashindwa kufinyanga kama wenzako, na mimi nilikuwa najitetea moyoni kwamba povu lingeniua. Sasa sina pa kujificha. Mbwa wa watu nimempakata, na mdogo wangu nilimwacha aungue.

Sikuombi unisamehe upesi. Mama hajui, kumwambia au kutomwambia ni shauri lako.

Nisalimie mama, na mama mkubwa aliyekutoa, na mjomba wetu mvuvi, na shangazi wa Makwale na mpunga wake. Mwalimu naye mshukuru, mwambie ndaga fijo, kwa kusoma mambo mazito ya watu wengine.

Bwana amenipa ruhusa nije nyumbani kahawa ikishavunwa. Nataka kuyasema haya mbele yako kwa mdomo wangu. Lakini kama hutaki kuniona, mwalimu aniandikie neno moja tu, "Baki," nami nitabaki.

Kaka yako,
Ambakisye