Nywele za Sabina

Jumamosi jioni

Sabina amelia tena. Nywele zimejisokota kisogoni, chanuo halipiti, hata kwa mafuta haya mapya ya madukani.

Wafiwa wote tulinyoa siku ya kuondoa tanga. Sabina peke yake nilikataa anyolewe, maana nywele zile zilisukwa na marehemu mama yake. Leo dada yangu amekuja kutoka Chala na wembe. "Mnyoe, bwana! Unataka panya azae humo?"

Nikakubali. Sabina akalishika chanuo. "Baba, anzia huku nchani. Mama alikuwa anapuliza kwanza."

Sikujua kama alikuwa anapuliza. Nikapuliza, nikaanzia nchani, chanuo likapita.

Nimemwomba dada arudishe wembe mkobani. Amenuna. Nami situlii, nawaza mengine ya mama yake ambayo Sabina atayasahau kabla hajanionyesha.