Kitambaa cha Televisheni

Kitale, Jumatatu

Kaka Sifuna,

Huku mahindi yameota vizuri na ng'ombe amezaa. Jana nilienda Bungoma kumwona Mama. Tangu mtu mwingine aanze kuongoza bendi yako kwa televisheni, nawe ukisema uko likizo tu, Mama alikuwa ameifunika televisheni na kitambaa. Jana nikaifunua. Tukaona mgongo wako mbele ya wapiga tarumbeta. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Uliwaongoza na wa kushoto. Kumbe ulikuwa mgonjwa.

Mama alikaza macho, kisha akasema, "Hata huo mmoja unatosha. Si wanamfuata?"

Kitambaa ameshakifua. Amekitandika kwa kiti chako.

Dada yako,
Jentrix